Aliuliza Kama Umerudi

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, Dada Sindano akiwa amenyoosha mkono mmoja wa gauni na mkono wa pili bado. Alisimama na pasi mkononi akisubiri, kama sote tunavyosubiri, akiamini utarudi sasa hivi. Pasi ikapoa. Akalivaa gauni lake hivyo hivyo, mkono mmoja umenyooka na mwingine umejikunja, akaketi sebuleni kumsubiri mtu ambaye hakuwa amesema atakuja.

Kazini aliomba ruhusa ya siku nzima. Aliwaambia ana homa. Homa hakuwa nayo, jamani, alikuwa na mtu anayeondoka.

Jina la Dada Sindano alipewa na watoto wa mtaa, kwa kuwa alifanya kazi maabara ya hospitali na hapakuwa na mtoto ambaye hajatobolewa kidole naye. Watoto walimkimbia, wakubwa walimtania, na mwisho hata yeye mwenyewe akipiga simu kwa muuza gesi alisema, "Ni mimi, Dada Sindano." Alikuwa na miaka thelathini na minne, ameachika, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye geti la bati.

Huyo anayeondoka naye alikuwa na jina lake la mtaani, Fundi Baridi. Alitengeneza majokofu. Miaka miwili nyuma aliitwa kuliangalia jokofu la Dada Sindano lililokuwa likivuja maji. Akaingia jikoni, akachutama, akalitegea sikio kama daktari na mgonjwa wake, kisha akafungua mlango, akakuta limau moja na chupa ya maji.

"Hili halijafa, dada," alisema. "Limechoka kufanya kazi bure."

Akalitengeneza. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia gesi yake. Wiki ya tatu akarudi kuangalia mpira wa mlango. Wiki ya nne jokofu zima halikuwa na kifaa kilichobaki cha kuangaliwa, naye akaja tu, akakaa, akanywa chai, na hakuna aliyemuuliza kaja kufanya nini.

Sasa jokofu hilo lilikuwa limenyamaza. Wanaosema ubaya wa umeme kukatika ni giza hawajaishi peke yao. Ubaya ni ule ukimya. Jokofu likinguruma jikoni unahisi kuna mwenzako ndani ya nyumba, anafanya shughuli zake, hamsemeshani lakini yupo. Likizima, unajisikia unavyomeza mate.

Kilichowafarakanisha kilitokea siku kumi na tisa nyuma, hapo hapo sebuleni.

"Tufunge ndoa," Fundi Baridi alisema siku hiyo. "Mama atazoea."

"Mama amesemaje hasa?"

"Achana na alichosema."

"Nataka neno kwa neno."

Fundi akatazama viatu vyake. Mama yake alikuwa mkunga, tena mkunga wa kusifika, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. "Amesema amewapokea watoto wa watu wote mtaa huu," akajibu polepole. "Amesema hatakubali afe bila kumpokea wa kwake."

Neno hilo halikuwa geni kwa Dada Sindano. Aliolewa miaka mitano na hakupata mtoto. Siku moja alitoka kazini akakuta mabegi yake yamepangwa nje, moja juu ya jingine, kazi ya mama mkwe. Mume alikuwa ndani na hakutoka.

"Mimi nimeshatolewa kwenye nyumba moja na mama wa mume," alisema. "Siingii nyingine ambayo mama mwenye mtoto wake hanitaki."

"Unaolewa na mimi, si na mama."

"Hata yule alisema hivyo hivyo."

"Usinilinganishe na yule mtu."

"Basi toka. Toka, na usigonge mlango huu tena mpaka nikuite."

Tatizo la Fundi Baridi ni kwamba ukimwambia kitu anakifanya. Ukimwambia zungusha skrubu nusu mzunguko, anazungusha nusu mzunguko, haongezi hata chembe. Alitoka. Siku kumi na tisa hakugonga. Naye Dada Sindano usiku ule ule, kwa hasira, aliifuta namba yake kwenye simu, na namba yenyewe hakuwahi kuishika kichwani. Nani siku hizi anashika namba ya mtu kichwani?

Halafu Jumatatu jirani yake, Mama Pacha, akamwambia juu ya ukuta kwamba Fundi amepata kazi mji wa mbali, kutunza vyumba vya baridi vya kampuni ya nyama, mkataba wa mwaka mzima, na amekata tiketi ya basi la Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni. Dada Sindano alianika shati moja kwa dakika kumi. Kisha akaamua. Kumfuata, hapana, hawezi. Lakini akija kuaga, atamfungulia. Asiende mwaka mzima akidhani mlango ule ulifungwa kwa kufuli la moyoni.

Ndiyo Alhamisi yenyewe hii.

Saa sita mchana simu ililia. Akaiwahi, kumbe ni ujumbe wa Mama Pacha. "Kwako umerudi?" Waligawana ukuta mmoja, lakini nyumba zao zilikuwa kwenye laini mbili tofauti za umeme. Mara nyingi mmoja aliwashiwa mwenzake yuko gizani, kwa hiyo walizoea kuulizana. Akajibu, "Bado."

Saa nane ukaja mwingine, namba ngeni. "Ni mimi Mama Pacha, yangu imezima chaji, hii ya baba watoto. Umerudi?" Akajibu, "Bado."

Saa kumi kasorobo, namba nyingine ngeni. "Mama P tena. Hii ya shemeji. Vipi umerudi?" Akajibu, "Bado jirani. Ukirudi nitakwambia."

Katikati ya ujumbe na ujumbe alikuwa akipika. Nyama yote iliyokuwa kwenye friza ilianza kulainika, akaona asiiache iharibike, akaibandika kwenye gesi yote kwa pamoja, sufuria ya kulisha watu sita. Akatoa sahani mbili. Akairudisha moja kabatini. Akakaa. Akainuka akaitoa tena, akaiweka mezani, akajiambia ni ya kufunikia nyingine. Kila mlio wa kiatu barabarani ulimnyanyua kwenye kiti. Alikuwa anamjua Fundi kwa hatua zake, mguu wa kulia unakanyaga kwa kishindo kwa sababu upande huo ndio hubeba sanduku la vifaa. Hatua za kila namna zilipita, za kwake hazikupita.

Saa kumi na moja na dakika nane simu ikatetemeka. Ilikuwa imebaki asilimia tatu. Namba ngeni tena.

"Umerudi?"

Dada Sindano akacheka peke yake, kicheko kidogo kikavu. Huyu mwanamke leo ataazima simu za ukoo mzima, aliwaza. Akaandika, "Bado."

Jibu likaja papo hapo. "Basi ukirudi nijulishe. Nasubiri."

Akaandika, "Sawa." Ujumbe ukaenda, na simu ikajizimia mkononi mwake.

Jua likashuka. Chumba kikawa cha kijivu, kisha cheusi. Mshumaa hakuwa nao, wa mwisho uliisha wiki iliyopita, na hata angekuwa nao asingeuwasha, maana kuwasha taa ni kukubali kwamba jioni imeingia. Saa kumi na mbili na nusu ilipofika aliijua bila kuangalia saa. Alilia, na sitaki kusema alilia kidogo. Alilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia, na jokofu lilikuwa kimya.

"Hodi. Humu kuna mtu au kuna giza tu?"

Ilikuwa sauti ya Mama Pacha. Dada Sindano akajifuta uso kwa ule mkono wa gauni uliojikunja. "Pita, jirani. Kiti kiko kushoto kwako. Si hicho, hicho ni meza."

"Nimekuletea kipande cha mshumaa." Mama Pacha akawasha kiberiti, akamtazama, akaona macho, akajifanya hajaona. "Nyumba yako inanukia nyama mpaka barabarani. Unafanya sherehe?"

"Isije ikaharibika. Utawabebea pacha. Na wewe leo umenisumbua kwa ujumbe, nikadhani utaazima mpaka simu ya mwenyekiti wa mtaa."

"Nimekusumbua wapi? Mara tatu tu."

"Mara nne. Na wa mwisho ukaniambia umeme ukirudi nikujulishe."

"Tatu, jirani. Yangu, ya baba watoto, ya shemeji. Ya shemeji iliniishia chaji mkononi, kaninunia mpaka sasa hivi hanisemeshi. Toka hapo nimekaa kama enzi za bibi zetu." Mama Pacha akasogeza sufuria, akachungulia. "Halafu wewe roho yako ngumu, acha nikwambie. Mtu kaja mpaka kona na begi lake, kasimama saa nzima, na wewe uko humu ndani umeshindwa hata kumfungulia."

"Mtu gani?"

"Fundi wako. Saa kumi na moja na kitu natoka kutafuta mkaa, namkuta kasimama pale dukani. Anatazama simu, anatazama geti lako, anatazama simu. Nikamwambia, si ugonge? Akasema ameambiwa asigonge mpaka aitwe. Akasema, na hata nikigonga, ameniandikia bado hajarudi."

Kutoka kwa Dada Sindano kona haionekani, ukuta wa Mama Pacha unaiziba. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Hajarudi nani?"

"Wewe. Nikajua unamkwepa, sikutaka kukuumbua."

Hapo ndipo kila kitu kilipomwangukia kwa pamoja. Umerudi. Neno moja. Hakuulizwa umeme umerudi, aliulizwa yeye amerudi. Mtu alisimama hatua hamsini kutoka mlangoni kwake na begi la mwaka mzima, akamuuliza kwa upole kama amerudi nyumbani, naye akiwa ndani, amekaa, anamsubiri yeye, akamjibu bado. Akaambiwa ukirudi nijulishe, nasubiri. Akasema sawa. Kisha simu ikazima.

"Nipe simu," alisema. "Simu yoyote."

"Zote zimezima, si nimekwambia."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo, imo kwenye simu."

"Kichwani je?"

"Kichwani hata ya baba watoto sina, na yako nimeiandika ukutani." Mama Pacha akamshika mkono. "Jirani, kuna nini? Saa moja kasorobo hii, basi limeshaondoka. Na yale mabasi hayacheleweshi ila siku unayoyawahi."

Dada Sindano alijua mtu mmoja tu mtaani mwenye namba ya Fundi Baridi na simu isiyozima. Simu ndogo ya vitufe, zile zinazokaa na chaji wiki nzima. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho duniani ambaye angependa kumgongea.

Alitoka hata bila kufunika sufuria. Mtaa ulikuwa mweusi tii, watu wamekaa nje ya milango yao wakiongea kwa sauti za chini, sigara ikiwaka hapa, mtoto akilia pale. Watu walimsalimu gizani bila kujua ni nani, naye akawaitikia bila kujua ni kina nani. Barabara ya tatu nyuma, nyumba ya mwisho. Hakuwahi kuingia. Siku zote Fundi alimwambia, tutaenda, ngoja nimwandae mama, na mama hakuandaliwa mpaka leo.

"Hodi humu."

"Uchungu umeanza lini?" sauti ikauliza kutoka ndani, nzito, haina haraka.

"Si uchungu, mama."

"Chupa ya uzazi imepasuka?"

"Hapana, mama, si..."

"Mimi nimestaafu, mwanangu. Mwaka wa sita huu. Mpelekeni hospitali, wana jenereta pale. Kama mtoto ametanguliza miguu mniambie nije, kama ni kichwa, mtafika."

"Mama, ni mimi. Wa maabara."

Kiti kikalia, mtu akiinuka au akibadili kukaa, gizani hakuweza kujua.

"Aa," sauti ikasema. "Ni wewe. Ameshaondoka. Kama umekuja kumchukua, umechelewa. Kama umekuja kunicheka, ingia, kiti kipo."

Akaingia akipapasa ukuta. Akakigusa kiti, akakaa. Mbele yake aliona weusi mzito zaidi ya weusi mwingine, basi ndiye Mama Mkunga huyo.

"Nimekuja kukuomba namba yake ya simu."

"Wewe huna?"

"Niliifuta."

"Kwa nini?"

"Hasira."

Mama Mkunga akaguna. "Mimi ninayo na siwezi kuipiga. Kwa hasira hizo hizo. Nilimwambia, ukivuka mlango huu kwa ajili ya yule mwanamke, usinipigie simu. Akasema, sawa, mama. Akabeba begi. Mtoto huyu ukimwambia kitu..."

"Anakifanya," Dada Sindano akamalizia.

"Anakifanya. Kachukua kwa baba yake." "Toka saa kumi nimekaa hapa na simu mapajani. Hata chakula sijapika. Nampikia nani?"

Dada Sindano alitaka kusema ana nyama ya watu sita. Aliona haya, aliona hasira, aliona pia kwamba huyu mwanamke aliyemwogopa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye giza lile lile alilotoka kukaa yeye. Alimhurumia bila kupenda.

"Nikuulize kitu," Mama Mkunga alisema, "maana kukiwa na mwanga nitashindwa. Yule mume wako alikuacha kwa sababu hukuzaa?"

"Mama yake ndiye aliyeniacha. Yeye alikubali tu."

"Lakini sababu ni hiyo."

"Ni hiyo."

"Wewe mtu wa maabara. Ulipima?"

"Vyote, mama. Mara mbili, kwa miaka miwili tofauti. Hapana kilichoonekana."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Mume. Alipima?"

Dada Sindano akavuta pumzi. Miaka yote hiyo, shangazi zake, mawifi, majirani, hata Fundi mwenyewe, hakuna aliyewahi kumuuliza. "Alikataa. Alisema mwanamume mzima hapimwi. Kikombe cha sampuli nilimletea mwenyewe kutoka kazini, akakitupa dirishani."

Mama Mkunga aliigeuza simu mapajani.

"Miaka thelathini na minne," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka thelathini na minne nimekaa na wanawake wanaolia kwenye benchi la kliniki, na nawaambia, nenda kamlete na mumeo, hatumpimi mmoja. Nimegombana na wanaume kwa ajili hiyo. Mmoja alitaka kunipiga. Lilikuwa swali la kwanza, unaelewa, kabla ya jina. Halafu limefika nyumbani kwangu, kwa mwanangu, na mimi sikuliuliza."

"Sikulaumu, mama."

"Nilaumu. Usiwe mpole hivyo, watu wanakuona mjinga." Kitu kikamgusa Dada Sindano gotini, kidogo, chepesi. Simu. "Mimi siwezi kuanza kupiga, nimeshasema neno. Piga wewe. Ni namba ya kwanza, nimemwandika Mwanangu. Na ufungue ile sauti ya nje, sikio langu la kulia halisikii vizuri."

Akabonyeza. Simu iliita mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ikapokelewa, na chumba kikajaa ngurumo ya basi.

"Mama," Fundi Baridi alisema. "Najua umesema nisipige, lakini umepiga wewe. Nisikilize, usiseme kitu. Umeshinda. Nilimwandikia, akanijibu bado hajarudi. Nikamwambia nasubiri, akasema sawa. Nimesimama mpaka saa kumi na mbili na robo. Nikapiga, kazima simu. Mama, angenikataa tu kwa mdomo. Kunizimia simu..."

"Sikuizima. Ilizima."

Ngurumo peke yake ikabaki. "Nani?"

"Ni mimi."

"Uko wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Nimekaa kwenye kiti, nadhani ni chako, mguu mmoja unacheza."

"Nilitaka kuutengeneza," alisema kama mtu aliyegongwa kichwani. Kisha, "Uliniambia bado."

"Nilidhani unauliza umeme."

"Umeme?"

"Hapa hakuna umeme tangu asubuhi. Jirani kutwa nzima ananiuliza umerudi, kwa kila simu anayoazima. Ukaja na wewe, umerudi, hata jina hukuweka. Nikajibu bado."

"Kwa nini niweke jina? Namba yangu si unayo?"

Dada Sindano akafumba macho, ingawa palikuwa giza vile vile. "Niliifuta. Siku ile ile."

Fundi Baridi alitoa sauti, na hakuna ambaye angeweza kujua kama ni kicheko au kilio. Pengine hata yeye hakujua. "Kwa hiyo ulikuwa ndani."

"Kutwa. Niliomba ruhusa kazini. Nimevaa gauni."

"Lipi?"

"La kijani. Mkono mmoja umepigwa pasi."

"Na mimi nilikuwa nje."

"Ulikuwa nje. Ningekufungulia. Nimekuja mpaka hapa ili ujue hilo tu, usiende mwaka mzima ukidhani vingine. Nakupenda, na ningekufungulia."

Mama Mkunga alikohoa pembeni. Wote wawili walisahau kwamba yupo, au hawakusahau, lakini hawakuwa na mahali pengine pa kusemea.

"Nishuke?" Fundi aliuliza. "Nimwambie dereva asimame. Nitashuka hapa hapa porini, nitatafuta lori la kurudi."

Alitaka kumwambia shuka. Neno lilifika kwenye meno. Alifikiria nyumba yake, zile sahani mbili, mwaka mzima wa kujisikia akimeza mate. "Usishuke," akasema. "Kazi umeitafuta muda mrefu. Nenda."

"Na lile nililokuuliza?"

"Lile jibu lake haliko kwangu. Nilikueleza."

"Nieleze tena."

Hakuweza. Angesemaje siingii nyumba ya mama asiyenitaka, na mama mwenyewe magoti yao yanakaribia kugusana? Machozi yakamshuka bila sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile aliushukuru umeme kwa kutorudi.

"Lete hiyo simu," Mama Mkunga alisema.

Aliichukua, akaisogeza karibu na mdomo, akaongea kwa sauti ya mtu anayemwita aliye ng'ambo ya uwanja. "Wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Umekula?"

"Sijala."

"Mfuko wa pembeni wa begi lako kuna mkate na mayai, niliyaweka mimi ulipokuwa unaoga. Kula. Sasa jambo la pili." Akameza mate, na Dada Sindano akasikia. "Nilikosea. Kuna kitu nilipaswa kuuliza sikuuliza, na leo nimeuliza, nimejibiwa. Wewe nenda kafanye kazi yako kwa amani. Huyu mkeo simwachi atembee peke yake kwenye giza hili, atakaa hapa na mimi mpaka..."

Ngurumo ikakatika. Simu ikatoa mlio mmoja mfupi, ikanyamaza.

Dada Sindano aliichukua, akapiga tena. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwambia mteja anayempigia hapatikani. Akapiga mara ya pili, akaambiwa vile vile, kwa adabu ile ile.

"Ni ile milima," Mama Mkunga alisema. "Pale hakuna mtandao. Mtu akiingia pale humpati mpaka atokee upande wa pili."

"Amesikia?"

"Sijui."

"Lile neno la mwisho, la mkeo. Unadhani limemfikia kabla haijakatika?"

"Nimekwambia sijui." Mkono ukapapasa gizani, ukaanguka kwanza kwenye kiti, kisha kwenye kiwiko cha Dada Sindano, ukatulia hapo, mkono mkavu wenye nguvu, uliozoea kushika watu wakiwa kwenye maumivu. "Wewe je, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya," alisema Mama Mkunga, akaiweka simu juu ya meza katikati yao, nao wakakaa wakiitazama.